Kondoo wa Kumuaga Daktari

Daktari wetu hakuwa daktari wa watu. Alitibu ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda, na mara moja alijaribu kuku wa Mama, ambao walikufa wote, naye akasikitika kuliko Mama mwenyewe. Alikuwa mwanamke kijana kutoka Ulaya, aliyeletwa na mradi wa majosho, yale mashimo marefu ya saruji yenye dawa ambamo ng'ombe huogeshwa ili kupe wafe. Alipanga chumba chetu cha nyuma hapa Karatu kwa miaka miwili na kidogo. Kabla yake chumba kile kilikuwa ghala la mahindi, na mpaka anaondoka alikuwa bado anaokota punje chini ya kitanda.

Mimi nilikuwa kidato cha tatu, shule ya bweni, kwa hiyo nilimwona wakati wa likizo tu. Sasa nina miaka kumi na saba, na mtu anayenifahamu akiona kurasa hizi atashangaa nimetoa wapi maneno yote haya. Mdomoni sina. Mama husema nilizaliwa kimya mpaka mkunga akaanza kumpa pole. Ninachoshindwa kusema huwa nakiandika kwenye daftari langu, na tabia hiyo ndiyo iliyoleta mambo ninayotaka kueleza.

Nilirudi likizo ya Juni, ukungu umeshuka mpaka milangoni na watu wamejifunga mablanketi, nikakuta nyumba yetu imejaa majirani wanaouliza swali moja.

"Daktari, utaniachia nini?"

Mkataba wake ulikuwa umekwisha. Jumapili alikuwa anapanda ndege kurudi kwao, kwa sababu baba yake alikuwa na ng'ombe wa maziwa na magoti mabovu. Jirani wa juu aliomba chandarua. Jirani wa chini aliomba ndoo, na aliposikia yule wa juu kapata chandarua, akaomba na sufuria. Mwalimu mmoja anayefundisha na Baba aliomba mabuti ya mpira, ingawa mguu wake ni mara moja na nusu ya mguu wa Daktari.

"Nitakata kule mbele," alisema, "vidole vipate hewa."

Daktari alikuwa anaandika kila ombi kwenye kipande cha karatasi na kukibandika kwenye kitu chenyewe. Kufika Alhamisi chumba kizima kilikuwa na karatasi, mpaka kitanda alichokuwa bado anakilalia. Mimi sikuomba kitu. Si kwamba sikutaka. Nilitaka karibu kila kitu.

Ijumaa alikwenda kuaga maboma ya huko juu, upande wa Ngorongoro, akaniambia, "Twende wote. Kila mtu ataongea sana leo. Nataka mmoja wa kunyamaza naye."

Hiyo ndiyo kazi pekee niliyowahi kuombwa ambayo nilijua naiweza.

Aliyetuendesha alikuwa dereva wa mradi, Mwarusha, ambaye anasema Kimaa kama Wamasai na ndiye aliyekuwa mkalimani wa Daktari siku zote. Dereva huyu hawezi kukaa kimya hata akiwa anakata kona. Mimi nimezaliwa Karatu, watalii wanapita mbele ya nyumba yetu kila siku ya Mungu, na nilikuwa sijawahi kuvuka lango la Ngorongoro. Tulipofika ukingoni Daktari alimwambia Dereva asimame ili nilione lile bonde ambalo watu wanavuka bahari kuja kulitazama. Niliona ukungu.

"Hapo chini kuna tembo," alisema Dereva. "Kuna vifaru. Kuna simba mmoja ana mke wa tatu sasa. Unawaona?"

Niliitikia kwa kichwa, kwa adabu.

Tulipita maboma manne, na kila boma tulikunywa chai ya maziwa mpaka tumbo langu likawa linalia kama kibuyu. La tano lilikuwa la mama mmoja mzee ambaye watu wote walimwita Koko, maana yake bibi. Huyu nilikuwa nimesikia habari zake. Mwaka wa kwanza alimfukuza Daktari kwa fimbo, akisema msichana asiye na mume wala ng'ombe hawezi kumfundisha yeye kufuga. Halafu kondoo wake wakaingiwa na ugonjwa wa mapafu. Daktari alikwenda bila kuitwa, akakaa siku tatu akipiga sindano, na Koko siku tatu zote akimtukana. Wakafa wawili tu. Tangu hapo walikuwa marafiki wa kufa na kuzikana, ingawa matusi hayakupungua.

"Takwenya!" Dereva alimwamkia.

"Iko!" aliitikia, kisha akasema jambo refu huku akimtazama Daktari kuanzia viatuni.

"Anasema umekonda," alitafsiri Dereva. "Anasema kwenu watadhani tulikuwa tunakufungia zizini."

Koko hakukaribisha chai. Aliingia zizini akatoka akivuta kondoo jike mwekundu, mkia umejaa mafuta, tumbo limeshuka. Akaiweka kamba mkononi mwa Daktari na kuifunga vidole vyake juu yake. Kisha akaongea taratibu, na Dereva, ambaye kwa kawaida huongeza chumvi, safari hii alitafsiri neno kwa neno.

"Anasema huyu si wa nyama. Ana mimba. Akizaa, mtoto ni wako, na mtoto wa mtoto ni wako. Hata ukiwa kwenu umekaa kwenye barafu, unajua una mali yako huku, na mwenye mali hapotei. Na kuanzia leo hakuiti Daktari. Watu waliopeana kondoo wanaitana Paker. Atakuita Paker, na wewe umwite hivyo hivyo, mpaka mmoja afe."

Daktari alilia.

Koko alimtazama, akamgeukia Dereva. "Analia nini? Alitaka ng'ombe?"

Daktari aliuliza kama anaweza kumwacha kondoo pale pale bomani, maana yeye anaondoka kesho kutwa. Koko alikataa katakata. Akibaki kwangu, alisema, bado ni kondoo wangu, nitakuwa nimekupa maneno. Mpeleke kwenye nyumba yako ya Karatu wamtunze. Jumapili asubuhi nitashuka na lori nikuage, nione na mahali anapolala.

Basi tukarudi na kondoo. Alisafiri kati ya magoti yangu, na kabla hatujafika langoni alikuwa ameshakojolea viatu vyangu vya shule. Pale langoni askari alichungulia dirishani.

"Kibali cha kuhamisha mifugo?"

Hapo ikawa mambo. Vibali vile, kwa miaka miwili, vilikuwa vinaandikwa na Daktari mwenyewe. Ndiye aliyezunguka vijijini akihubiri kwamba mnyama asivuke lango bila karatasi. Lakini mhuri alikuwa ameshaukabidhi kwa mwenzake juzi yake.

"Si unanijua?" alisema Daktari.

"Nakujua sana," alisema askari. "Wewe ndiye uliyeniambia hata akija mkuu wa wilaya na mbuzi mmoja, nimzuie."

Dereva aligonga usukani kwa kicheko. Tulikaa nusu saa. Mwishowe Daktari alishuka, akamkagua kondoo wake mwenyewe mdomo na kwato kama mgeni, akaandika kibali kwa mkono, na askari akakisoma chote kwa sauti, mpaka sahihi, kabla ya kuinua mti wa lango.

Tulipofika nyumbani Daktari alinivuta pembeni. Kesho alfajiri alikuwa anakwenda Mbulu na Dereva kukabidhi ofisi, asingerudi mpaka saa kumi.

"Mweleze Baba yako habari ya kondoo," alisema. "Vizuri. Kwamba ni wa kufugwa, na kwa nini. Kiswahili changu kitaharibu."

Nikasema sawa.

Baba ni mwalimu na mzee wa kanisa. Si mkali, lakini ana namna ya kuondoa miwani mtu akiongea naye, na miwani ikishaondoka mimi maneno yote yananikimbia. Nilimkuta sebuleni na wazee watatu wakipanga sherehe ya kumuaga Daktari. Nikasimama mlangoni.

"Unasemaje?" Akaondoa miwani.

"Daktari ameleta kondoo."

"Tumemwona. Mungu ambariki."

Nikaendelea kusimama. Wazee wote watatu walikuwa wananitazama, na mmoja alikuwa na kipande cha kiazi kinasubiri njiani kuelekea mdomoni.

"Kuna jingine?"

"Hapana, Baba."

Nilikwenda chumbani nikaandika yote kwenye daftari. Koko, kamba, mimba, mpaka mmoja afe. Kurasa mbili nzima. Nakiri kwamba nilipomaliza nilijisikia mwepesi kabisa, kama mtu aliyeshatumwa na akafikisha. Nikalala.

Jumamosi Mama alinituma mashine ya kusaga. Dizeli ilikuwa ya shida, foleni ya madebe ilikuwa imezunguka mpaka nyuma ya duka la ushirika, na nilipopata unga wangu jua lilikuwa limeshapenya ukungu. Nilisikia harufu kabla sijafika nyumbani. Nilijidanganya kwamba ni kwa jirani. Halafu nikaona watoto wa jirani wamechuchumaa uani kwetu wakila maini ya kuchoma.

"Huyo ni kondoo gani?" nilimwuliza Mama.

"Si huyo aliyeletwa na Daktari. Baba yako amefurahi mpaka basi. Anasema huyu binti amekuwa mtu wa hapa kabisa, kajua mwenyewe kwamba msafiri wa mbali anachinjiwa kondoo, akamleta bila kuambiwa."

Niliweka unga chini. Kwetu sisi Wairaqw mambo ndivyo yalivyo, na ndiyo maana siwezi kumlaumu Baba hata kidogo. Kondoo ni mnyama wa baraka. Mtu akienda safari ya mbali, anayependwa huchinjiwa kondoo, wazee humwombea, na hukatiwa kipande chembamba cha ngozi, bado na manyoya yake, kikafungwa mkononi mwake. Mgeni anayeaga amekuja na kondoo mnene, mimba ikidhaniwa ni unono, siku moja kabla ya sherehe. Mtu yeyote wa Karatu angenoa kisu.

"Mbona umeduwaa?" alisema Mama. "Njoo ule."

Daktari alirudi saa kumi na kuingia moja kwa moja katikati ya watu. Wazee waliomba yale maombi marefu ya kwetu, mmoja anasema, wengine wanaitikia wote pamoja: njia yake iwe laini, tuitikie, mvua impishe, tuitikie, afike amkute baba yake amekaa mlangoni, tuitikie. Nilikuwa naitikia na machozi yananitoka, na watu wakasema tazama mtoto anavyompenda Daktari. Baba akamfunga kile kipande cha ngozi mkono wa kulia. Kilikuwa na manyoya mekundu. Daktari alikibusu. Kisha akaletewa mbavu na kipande cha mkia, akala, akaongeza.

"Nyama tamu sana, Mwalimu," alisema.

"Ni wema wako mwenyewe, mwanangu," alisema Baba, na watu wakapiga makofi, na Daktari akatabasamu tu, nadhani alichukulia ni heshima ya Kiswahili.

Ningeweza kusema pale. Niliwaza kusema mara sita, nilihesabu.

Nilisema Jumapili saa moja asubuhi, kwa sababu alitoka chumbani na konzi ya pumba mkononi akielekea zizini, akimwita kondoo kwa sauti ya kubembeleza.

"Hayupo," nilisema.

"Ameenda malishoni?"

"Amechinjwa. Ndiye wa jana."

Alisimama. Pumba zilikuwa zinavuja katikati ya vidole vyake.

"Yule?"

"Yule."

"Nilikula vipande vinne," alisema taratibu. Akautazama mkono wake wa kulia. Kisha akaanza kucheka, kile kicheko ambacho mtu akikisikia anatafuta mahali pa kumkalisha mwenye nacho, na katikati ya kicheko akaniuliza, "Kwani hukumwambia Baba?"

"Niliandika."

"Uliandika wapi?"

"Kwenye daftari langu."

Dereva alikuwa anafunga mizigo juu ya Landrova, amesikia kila neno. "Basi kosa ni la kondoo," alisema kutoka juu. "Angesoma daftari angekimbia."

Daktari hakucheka hilo. Alikaa kwenye ngazi. Alisema, na nimeyaandika maneno yake kama yalivyokuwa, kwamba mizigo yake yote ni masanduku mawili na ataivusha, lakini kitu kimoja tu alichokuwa anakwenda nacho kwao ambacho ni cha kweli ni kwamba kuna mtu huku anamwita Paker. Na sasa mtu huyo yuko njiani anakuja kumwona kondoo.

"Niachieni mimi," alisema Dereva, akashuka.

Hatukuwa na muda wa kumwachia wala kumnyima, maana lori lilikuwa limeshasimama barabarani na Koko alikuwa anashushwa kama mzigo wa thamani, kibuyu cha maziwa begani. Baba alitoka na koti lake la kanisani kumpokea mgeni, hajui lolote. Mama aliweka chai jikoni. Dereva alimkimbilia Koko, akamwamkia, akaanza kusimulia kwa Kimaa kwa uso wa msibani, mikono inaruka, akaonyesha zizi, akaonyesha kilima, akachuchumaa na kutembea mgongo umeinama nyuma. Sijui Kimaa, lakini fisi nikamtambua.

Koko alisikiliza yote. Aliniona nikimtazama. Akasogea kwa Daktari amsalimie, akamshika mkono wa kulia, na hapo vidole vyake vikasimama. Alikipapasa kile kipande cha ngozi. Akayavuta manyoya kidogo, akayainamia, kwa kuwa macho yake si mazuri. Mtu aliyefuga tangu utoto anamjua mnyama wake hata kwa manyoya matatu.

Alimgeukia Dereva na kusema jambo fupi.

Dereva alikohoa.

"Anasema nini?" aliuliza Baba.

"Anasema," Dereva alitazama viatu vyake, "fisi wa Karatu ni fisi wa namna gani, anamla kondoo halafu anawavalisha watu ngozi."

Mama alikuwa amesimama na birika. Daktari alifungua mdomo, na nikajua lawama ataibeba yeye, atasema ni yeye aliyeruhusu, halafu ataondoka akiwa ameutupa ule urafiki ili kunificha mimi.

"Koko, shikamoo," nilisema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia, mpaka kuku wakahama. "Si fisi. Ni sisi tumemla. Baba hakujua. Mimi nilikuwepo ulipomtoa, nilisikia kila kitu, nikatumwa nimwambie Baba, nikaogopa wazee waliokuwa sebuleni. Daktari hakujua anakula nini."

Nilimwambia Dereva, "Mwambie hivyo hivyo. Usiongeze."

"Siongezi," alisema Dereva, akatafsiri.

Baba aliondoa miwani. Sijawahi kumwona amekuwa mdogo vile. Alimwinamia yule mama mzee, mwalimu mzima, akamwomba radhi, akasema hata sisi huku tunawekeana ng'ombe wa kufuga, tunajua mnyama wa kuaminiana ni nini, na angejua angejikata mkono kwanza. Kisha akaenda zizini kwetu haraka haraka, koti la kanisani likinasa kwenye miti, akatoka na kondoo jike aliye bora kuliko wote, yule ambaye Mama alikuwa anamtunzia Krismasi. Akamnyooshea Koko kamba.

Koko hakuipokea. "Simjui huyu," alisema kupitia kwa Dereva. "Sikumpa mzee huyu kondoo. Yeye na mimi hatuna jambo."

Akaanza kufunga tena kibuyu chake begani. Lori lilikuwa bado barabarani.

Daktari ndiye aliyefikiri. "Mwalimu," alisema, "nipe mimi huyo kondoo."

"Wewe unaondoka, mwanangu, utampeleka wapi?"

"Nipe tu. Awe wangu."

Baba akampa kamba. Daktari alivuka ua wetu na yule kondoo, ambaye alikuwa mbishi na alikuwa anavutwa kwa miguu minne imekazwa, ikawa safari ndefu ya hatua kumi. Akaiweka kamba mkononi mwa Koko na kuifunga vidole vyake juu yake, vile vile alivyofungiwa yeye. Kwa Kimaa chake kibovu, kisha kwa Kiswahili, akamwambia kwamba ulinipa, nami nakupa. Huyu si wa nyama. Halafu akamwita kwa lile jina lao.

Koko alimkagua kondoo kwanza. Alifungua mdomo akatazama meno. Akapima mkia kwa kiganja.

"Mkia mwembamba," alisema. "Kondoo wa wakulima." Lakini kamba aliishika. Kisha akamtemea Daktari mate ya baraka utosini na kumwita Paker, kwa sauti ya kugomba, kama mtu anayemwita mtoto aliyechelewa. Daktari alicheka na kulia pamoja tena, na safari hii Koko hakuuliza kama alitaka ng'ombe.

Akanigeukia mimi. Nikaona nimekwisha.

"Anasema," alitafsiri Dereva, "barua za Paker zitafikia hapa kwenu. Wewe ndiye utakayepanda bomani kumpa habari. Kwa mdomo. Anasema yeye hasomi, na daftari lako hataki kuliona."

Tulinywa chai. Ilikuwa saa tatu na nusu na tulitakiwa tuwe tumeondoka saa mbili. Mwaka huo mafuta yalikuwa adimu na kulikuwa na ile amri ya Jumapili, kwamba ikifika saa nane mchana gari lisionekane barabarani mpaka Jumatatu. Ndege ilikuwa jioni. Baba alisema niende kumsindikiza Daktari mpaka uwanjani. Nadhani hakutaka kuniona kwa muda, na mimi nilimwelewa.

Dereva aliiendesha ile Landrova kama ameiba. Tuliteremka ukuta wa Bonde la Ufa kwenda Mto wa Mbu mizigo ikipiga bati juu, baridi ikaisha ghafla kama mtu amefungua tanuri, tukaanza kuvua masweta moja baada ya jingine. Wenye ndizi walitukimbilia. Daktari alinunua mkungu mzima wa ndizi nyekundu, hakujua wa nini, tukazila mpaka Makuyuni, maganda tukiwarushia mbuzi.

"Unafurahi kurudi?" nilimwuliza. Nilikuwa nimeshaanza kusema, nikaona niendelee.

Alisema amemkumbuka baba yake, na anatamani mkate wa kwao. Halafu akasema anaogopa. Kule kwao ukimpita mtu njiani bila kumsalimu hakuna anayeshangaa, na yeye ameshazoea kushangaa. Alisema watamuuliza ulifanya nini huko miaka miwili, atajibu majosho, watasema aha, kisha watahamia habari za mvua.

"Waambie habari ya kondoo," alisema Dereva.

"Ipi? Ya fisi?"

"Ya fisi ndiyo nzuri."

Tulipita Arusha saa saba bila hata kunywa maji, na tuliingia uwanja wa ndege zikiwa zimebaki dakika chache saa nane igonge. Askari wa barabarani aliyekuwa pale alitazama saa yake, akamtazama Dereva, akaonekana amekosa kazi.

Pale mlangoni pa abiria Daktari alisimama akiutazama mkono wake wa kulia. Ngozi mbichi, alituambia, hairuhusiwi kuingia kwao, kwa sababu ya magonjwa ya mifugo, na yeye anaijua sheria hiyo kuliko hao watakaomkagua. Dereva alimshauri avae tena sweta, mkono wake uifunike. Daktari alikataa. Alisema atawaonyesha mwenyewe, na wakikata, wakate, ameshaagwa. Akanikumbatia. Harufu yake ilikuwa ya dawa ya josho, hata baada ya kuoga mara ngapi sijui. Tulinyamaza pamoja kama dakika mbili, na ilitosha. Kisha akapita.

Mimi na Dereva tulikwama pale mpaka Jumatatu kwa amri ya mafuta, tukala ndizi zilizobaki. Alinifundisha salamu zote za Kimaa, akinisahihisha kila mara na kuniambia kwa lafudhi hiyo Koko atadhani nina mafua.

Likizo ya Desemba nilipanda na lori la mahindi. Barua ilikuwa bado haijafika. Njia nzima nilikuwa natunga barua ya uongo kichwani, nzuri sana, yenye theluji na baba mlangoni, na nilipokuwa nashuka ilikuwa imekamilika mpaka salamu za mwisho. Koko alinikalisha kwenye kigoda, na kijana mmoja wa boma anayesoma shule ya msingi akakaa katikati yetu kutafsiri.

"Habari ya Paker?"

"Hajaandika bado," nilisema.

Koko alishaanza kuinuka.

"Basi hajambo," alisema. "Angekuwa na shida angeshaandika. Njoo."

Alinipeleka zizini. Yule kondoo wa mkia mwembamba alikuwa amezaa wiki mbili nyuma, dume, mwekundu, na doa jeupe kwenye goti la mbele kulia. Koko alimnyanyua na kunipakatisha, akaanza kunieleza: amezaliwa asubuhi, mvua ikinyesha, kichwa kilitangulia vizuri, mama yake ni mjinga lakini ananyonyesha, na ugonjwa wa mapafu mwaka huu hakuna. Aliyarudia mara mbili ili yule kijana asikosee.

"Haya ndiyo uandike," alisema. "Yote. Na umtumie yeye, usijitumie mwenyewe."

Niliporudi Karatu nilikwenda kwanza posta kununua stempu, ndipo nikaenda nyumbani kuandika.